Anwani za Vifaa katika Michoro ya Umeme

Winchi ya karakana huinua na kushusha mzigo kwa mota moja. Ikiwa mota hiyo ni ya umeme wa awamu tatu, ambazo mafundi huziita fezi, mzunguko wake hugeuzwa kwa kubadilishana nyaya mbili kati ya tatu zinazoilisha. Kazi hiyo hufanywa na kontakta mbili, yaani swichi kubwa zinazovutwa kwa sumaku-umeme: moja ya kuinua, nyingine ya kushusha. Zikivutwa zote mbili kwa wakati mmoja, fezi mbili hukutana bila mota katikati, na matokeo yake ni shoti na mwali wa moto ndani ya kabati. Ndiyo maana umeme uendao kwenye koili ya kontakta ya kushusha hupitishwa kwanza katika mguso mdogo wa kontakta ya kuinua, mguso ambao huachana mara kontakta hiyo inapovutwa. Upande wa pili hali ni hiyo hiyo.

Sasa msomaji aufikirie mchoro wa winchi hiyo. Kontakta ya kuinua ni kifaa kimoja, chenye ukubwa wa ngumi tu. Katika mchoro, hata hivyo, imetawanyika: miguso yake mikubwa iko karatasi ya 2 pamoja na mota, koili yake iko karatasi ya 4, na mguso wa taa ya ishara uko karatasi ya 6. Mchoraji hufanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa mchoro wa namna hii hufuata njia ya mkondo wala haufuati umbo la kifaa. Kila njia husomeka kwa urahisi, lakini kifaa hupoteza umoja wake. Umoja huo hurudishwa na vitu viwili: alama ya kifaa na rejeo.

Alama huanza na herufi ya aina. M ni mota, F ni fyuzi na vilinzi vingine, S ni swichi na vitufe vya mkono. Kontakta katika michoro ya zamani ya Ulaya ziliandikwa K. Kanuni ya kimataifa IEC 81346, sehemu ya pili iliyotolewa mwaka 2009, huziweka katika herufi Q zile zinazoendesha nguvu ya umeme, na kuiachia K rilei zinazoshughulikia ishara. Mwalimu mwenye vitabu vya rika mbalimbali hana budi kuwatahadharisha wanafunzi juu ya jambo hilo. Mbele ya herufi huweza kuwekwa alama =, inayotaja kazi, +, inayotaja mahali, na -, inayotaja kifaa chenyewe.

Rejeo nalo ni anwani. Ukingo wa juu wa kila karatasi hugawanywa katika safu zenye namba, na maandishi /4.5 humaanisha karatasi ya 4, safu ya 5. Chini ya koili ya Q1, iliyoko 4.3, huorodheshwa miguso yake yote: 1–2, 3–4 na 5–6 iko 2.4, 13–14 iko 6.2, 21–22 iko 4.5. Kando ya kila mguso huandikwa 4.3, ili msomaji aweze kurudi kwenye koili. Wamarekani, wanaochora kwa mtindo wa ngazi, huzipa namba vidato na kuziandika upande wa kulia wa koili. Namba ya mguso unaoachana koili inapovutwa hupigwa mstari chini.

Tuseme usiku mmoja winchi inakataa kushusha. Fundi anagundua kwamba mguso mmoja katika njia ya Q2 haupitishi umeme. Ikiwa mguso huo hauna rejeo, huenda akauunganisha kwa kipande cha waya, na winchi itashusha vizuri kabisa. Akisoma kwamba ni Q1, 21–22, /4.3, ataelewa kuwa anakaribia kuondoa kizuizi pekee cha umeme kinachotenganisha fezi mbili.

Kuhusu namba za vifaa, wapo wanaozitoa katika mahali pa kuchorwa: koili iliyoko karatasi ya 4, safu ya 3, huitwa -4Q3. Utaratibu huo unapendeza, ila karatasi mpya ikiingizwa katikati, vibandiko vilivyokwisha kubandikwa kabatini hugeuka kuwa vya uongo. Kwa mtambo utakaofanyiwa mabadiliko miaka mingi, namba za mfululizo ni salama zaidi. Vinginevyo, karatasi zipewe namba 10, 20, 30, ili nafasi ibaki.

Siku hizi programu za kompyuta hutengeneza marejeo zenyewe. Lakini kwa kompyuta Q1 na Q01 ni vifaa viwili, na koili moja itabaki bila miguso yake. Kwa hiyo namna ya kuandika alama huamuliwa kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Na fundi anayeongeza mguso baadaye huandika kwa kalamu nyekundu mahali pawili, penye mguso na chini ya koili, kisha hurudisha nakala hiyo kwa mchoraji.