Nahau za Kiingereza Mbele ya Msemaji wa Kiswahili

Mwanafunzi akutanapo kwa mara ya kwanza na nahau ya Kiingereza "to kick the bucket", hasumbuki sana. Aona ndoo, aona teke, wala haoni maana. Basi huuliza, naye huambiwa kuwa ni kufa, kwa lugha ya mzaha isiyofaa mbele ya wafiwa. Ugeni wa maneno ndio umwokoao. Hatari imo katika nahau ambazo maneno yake yafanana na ya kwetu, kwa kuwa hapo hakuna jambo la kumshtua msomaji hata aulize.

Tutazame mkono. Mwingereza akisema "give me a hand" ataka msaada, pengine wa kuinua mzigo tu. Kwa Kiswahili kumpa mtu mkono ni kumsalimu, kumpongeza au kumpa pole ya msiba. Hali kadhalika, "the long arm of the law" ni uwezo wa sheria wa kumfikia mkosaji popote alipo. Lakini sisi tukisema fulani ana mkono mrefu, twamaanisha kuwa ni mwizi. Mfasiri aandikaye "mkono mrefu wa sheria" asistaajabu akidhaniwa kuwa amewatukana askari.

Mfano ulio mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni "at the eleventh hour". Asili yake ni mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, ambamo wa mwisho waliajiriwa ilipobaki saa moja tu kazi kukoma. Saa hizo zahesabiwa tangu macheo, kama tuhesabuvyo sisi. Ndiyo sababu Biblia ya Kiswahili yaweza kusema saa kumi na moja pasipo maelezo, na msomaji akaliona jua likishuka. Mwingereza, ambaye huanza hesabu yake usiku wa manane na tena adhuhuri, picha hiyo imekwisha kumpotea. Amebakiwa na maana tu, yaani kufanya jambo wakati umekaribia kupita. Kwetu ni kinyume: hesabu ingali hai, lakini nahau hatuna. Ikiandikwa kuwa mkataba ulitiwa sahihi "at the eleventh hour", na mfasiri akasema saa kumi na moja, amekwisha kutoa habari ya uongo, maana msomaji ataelewa kuwa ni jioni au alfajiri. Tafsiri iliyo sawa ni "dakika za mwisho", au, mahali pasipodai heshima kubwa, "dakika za lala salama", ambayo yatoka katika mchezo wa mpira.

Wala jambo haliishii hapo. Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa huko Ulaya magharibi tarehe 11 Novemba 1918, na Waingereza hupenda kuutaja wakati huo kuwa "the eleventh hour of the eleventh day of the eleventh month". Maneno ni yale yale, lakini hapana nahau tena: ni saa ya ukutani, yaani saa tano asubuhi.

Kwa hiyo kamusi na mwalimu wasitosheke kuiweka nahau ya Kiingereza pamoja na ya Kiswahili iliyo sawa nayo kwa maana. Yafaa waitaje pia ile ifananayo nayo kwa maneno tu, ili mwanafunzi aionye nafsi yake mapema. Siku hizi wengi husema "mwisho wa siku" wakitaka kusema "hatimaye", kwa kufuata Kiingereza. Lugha hukopa, wala sikatai. Lakini nikisoma kuwa wajumbe walibishana tangu asubuhi na mwisho wa siku wakapatana, siwezi kujua kama walipatana jioni ile au baada ya wiki tatu.