Besi ya Kuunganisha: Gitaa Moja, Viungo vya Mafundi Wengi

Gitaa la besi la umeme, ambalo katika bendi za dansi, rumba na injili ndilo linalobeba msingi wa wimbo kwa sauti zake nene, ni miongoni mwa ala chache ambazo mtu asiye na kiwanda anaweza kujiundia kwa vipimo vyake, akanunua shingo kwa fundi mmoja, kiwiliwili kwa mwingine na vifaa vya umeme kwa wa tatu. Uwezekano huo ulitokana na mtu ambaye hakujua kupiga gitaa. Leo Fender alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California, aliyefungua karakana yake mwaka 1938, na alipotoa besi yake ya kwanza, Precision Bass, mwaka 1951, aliiunda kwa fikra za fundi redio, yaani kama kitu ambacho kila kiungo chake kinaweza kufunguliwa, kutengenezwa na kurudishwa mahali pake. Wakati mafundi wa ala kubwa za mbao walibandika shingo kwa gundi, Fender aliifunga kwa skrubu 4. Aidha, aliweka freti, yaani vijiti vyembamba vya chuma vinavyoikatiza shingo, ili mpigaji apate noti kamili bila kukisia mahali pa kubonyeza, na usahihi huo, kwa Kiingereza precision, ndio ulioipa ala jina.

Urefu wa uzi unaotetemeka ulikuwa inchi 34, sawa na sentimita 86.4 hivi, na kipimo hicho kimebaki kuwa cha kawaida kwa watengenezaji wengi hadi leo. Kwa kuwa wengi waliiga vipimo vya Fender, biashara ya viungo vilivyouzwa kimoja kimoja ilipata mahali pa kuota: Schecter ilianza mwaka 1976 huko Van Nuys, California, ikiwa karakana ya matengenezo na viungo, nayo Warmoth ya jimbo la Washington imejulikana kwa kuuza viwiliwili na shingo kwa watu wanaojiundia. Hata hivyo, wanamuziki walikuwa wametangulia. John Entwistle, mpigaji besi wa kundi la The Who la Uingereza, aliunda besi moja mwaka 1967 kutokana na mabaki ya magitaa 5 yaliyovunjika, akaiita Frankenstein kwa kukumbuka kiumbe wa riwaya ya Mary Shelley aliyeshonwa kwa viungo vya maiti mbalimbali. Baada ya kifo chake ala hiyo iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 2003.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulichukulia kuwa dogo ni kwamba viungo hununuliwa lakini ulinganifu wake haununuliki, na ulinganifu huo huamuliwa hasa mahali pamoja, yaani kwenye mfuko wa shingo, shimo lililochongwa katika kiwiliwili ili kisigino cha shingo kikae humo. Katika vipimo vya Fender mfuko huo wa besi una upana wa milimita 63.5, na shingo inapaswa kuingia kwa kubana kidogo. Mwanya wa nusu milimita upande mmoja huonekana kuwa si kitu, lakini kwa kuwa mfuko una urefu usiofika sentimita 10 na shingo huendelea mbele mara kadhaa ya urefu huo, kosa hukua kadiri linavyokwenda, na kufikia kichwani nyuzi zinaweza kuwa zimehama kwa milimita 3 hivi, kiasi cha kuufanya uzi mwembamba uteleze nje ya ukingo wa shingo unapobonyezwa. Kwa sababu hiyo fundi makini hatoboi tundu lolote kwanza. Huibana shingo kwa jiliwa, hunyoosha nyuzi mbili za pembeni kutoka kichwani hadi kwenye daraja, yaani kipande cha chuma kinachoshikilia mwisho wa nyuzi, hulisogeza daraja hadi nafasi kati ya kila uzi na ukingo wa shingo ilingane pande zote mbili, na ndipo huweka alama za keekee.

Umbali wa daraja nao una hesabu yake. Freti ya 12 hukaa nusu kamili ya njia, kwa hiyo kipimo kutoka kizingiti cha kichwani hadi freti hiyo, kikizidishwa mara mbili, hutoa mahali pa daraja. Freti ya kwanza hupatikana kwa kugawa urefu wote kwa 17.817, ambapo milimita 863.6 hutoa 48.5 hivi, na kila inayofuata hugawa urefu uliobaki kwa namba ile ile. Mtu aliyenunua shingo ya inchi 30 kwa kiwiliwili kilichotobolewa kwa ajili ya inchi 34 hawezi kuipata ala inayosikika sawa kwa kukaza wala kulegeza, kwa kuwa freti zake zinahesabu uzi ambao haupo.

Kwa hiyo fedha nyingi zaidi zinastahili kutumika kwenye shingo, ambayo ndiyo mkono unaishika na ndiyo inayostahimili mvuto wa nyuzi 4 unaozidi kilo 70. Kwa kawaida huchongwa kwa mepuli, mti mgumu wa Amerika ya Kaskazini ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, na ndani yake hupita ufito wa chuma unaokazwa au kulegezwa ili kuzuia mpindo. Juu yake hubandikwa ubao wa freti, mara nyingi wa miti ya jamii ya mpingo kutoka India, na zamani Brazil, na mpingo wenyewe wa Tanzania na Msumbiji, ambao watengenezaji wa klarineti wa Ulaya wameutegemea kwa muda mrefu, hutumiwa na baadhi ya mafundi kwa kazi hiyo hiyo. Mpingo uliingizwa katika orodha ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe mwanzoni mwa 2017, na ingawa ala zilizokamilika pamoja na viungo vyake vilivyokamilika ziliondolewa katika sharti la vibali mwishoni mwa 2019, mbao ghafi bado zinahitaji kibali.

Kuhusu kiwiliwili, mabishano juu ya mbao na sauti hayana mwisho, lakini jambo lililo wazi ni uzito: kiwiliwili chepesi mno hushindwa na vikazio vya nyuzi vilivyo kichwani, na ala huinamisha shingo kila mpigaji anapoiachia.

Sauti yenyewe huanzia kwenye pikapu, kifaa chenye sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kama unywele. Sumaku huupa uzi wa chuma usumaku, na uzi unapotetemeka uga wa sumaku hubadilika na kuzaa umeme kidogo ndani ya mizunguko hiyo ya waya, yaani koili. Koili moja hunasa pia mvumo wa nyaya za umeme wa nyumbani, ndiyo sababu mwaka 1957 Fender aliigawa pikapu ya Precision katika nusu mbili zenye mpangilio wa kinyume, ili mvumo ufutane na sauti ya nyuzi ibaki. Baada ya pikapu hufuata potenshiomita za kudhibiti sauti, mara nyingi za kiloomu 250, na kapasita ya nanofaradi 47 inayopunguza ukali. Kuzilehemu si kazi ngumu, isipokuwa kwamba waya wa ardhi uliosahauliwa chini ya daraja hugeuza ala kuwa kipokezi cha mvumo.

Ala iliyokwisha kuunganishwa bado haijatulia. Nyuzi hukazwa hadi kiwango chake na kuachwa kwa siku moja au mbili, ndipo ufito wa chuma huzungushwa kwa robo ya mzunguko tu kila mara, kimo cha nyuzi hupangwa, na kila kipande cha daraja husogezwa hadi noti ya freti ya 12 ilingane na oktavu ya uzi ulio wazi, na hapo kipande cha uzi mnene wa E hukaa nyuma kidogo kuliko vingine. Kwa kuwa mbao hunyonya unyevu wa hewa, marekebisho hayo hurudiwa baada ya wiki chache, na tena kila majira yanapobadilika.