Nani Ataandika Majina ya Wapagazi?

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Neno hili latuhusu sana sisi tupitao kila siku katika njia za Tabora, bila kujua twakanyaga nyayo za nani.

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji, wageni huonyeshwa nyumba ya tembe kwa ukumbusho wa Stanley na Livingstone, waliokaa hapo mwaka 1872. Tembe ni ujenzi wa bara: kuta nene za udongo, paa bapa la miti iliyofunikwa udongo, na vyumba vilivyozunguka ua. Watu wa pwani walipohamia Unyanyembe waliukubali ujenzi huo, wakaongeza baraza na milango ya nakshi. Basi nyumba hizo zatuonyesha jinsi bara na pwani zilivyokutana.

Jamaa nazo ziliungana. Twayajua hayo kwa sababu yuko aliyeyaandika. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili. Humo twasoma kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa ndoa hiyo mgeni alipata heshima na nguvu katika nchi.

Karatasi hizo ni hazina kubwa. Lakini ni karatasi za tajiri, nazo zasema mambo ya tajiri. Je, Mnyamwezi aliyebeba begani pembe ya frasila 2, yaani kilo zipatazo 32, akaenda kwa miguu hadi Bagamoyo, jina lake limeandikwa wapi? Na mtumwa aliyepitishwa njia hiyo hiyo kwa mnyororo? Aghlabu hao wametajwa kwa hesabu tu, kama mizigo. Na mikono iliyokanda udongo wa nyumba za matajiri haikutajwa kabisa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya mabegani ikafifia. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia, toka Bagamoyo hadi Ujiji, na Kwihara ikiwemo. Ni jambo jema. Hata hivyo, orodha haizuii mvua. Tembe lisilotunzwa hupenya maji, ukuta ukashuka, ukarudi kuwa ardhi. Na kumbukumbu ya wazee hupotea vivyo hivyo.

Ndugu msomaji, kazi hii haingoji mabingwa peke yao. Chukua daftari, umwendee mzee wa jamaa yako, umwulize kwa adabu: babu zetu walibeba nini, kwa ujira gani, na nyumba hii ilijengwa na nani? Andika jina, andika mahali, na nakala uiweke shuleni au maktaba. Matajiri wamekwisha kujiandikia habari zao. Za wachukuzi zatungoja sisi, wajukuu wao.