Makombora ya zamani ya Wadachi: ni chuma tu, ao ni mauti?



Huko Ulaya watu wengi hukusanya makombora matupu ya mizinga ya Wadachi ya vita vya 1914-1918. Si kazi mbaya. Kombora linasema mambo mengi kwa anayejua kulisoma.

Kwanza wanapima upana wake. Milimita 77 ni la mzinga wa kawaida wa askari wa nchi kavu. Milimita 105 lilikuwa pia la meli Königsberg, iliyozamishwa katika mto Rufiji mwaka 1915. Mzinga mmoja wa meli hiyo ulifika mpaka ziwa Tanganyika, ukafungwa juu ya meli Graf von Goetzen, na Wabelgiji walikuwa ng'ambo, kule Lukuga, leo Kalemie. Basi habari hii inatugusa.

Kisha wanatazama kitako cha ganda la shaba ya manjano. Pale pameandikwa kiwanda, kwa mfano «Polte Magdeburg», pamoja na mwaka. Kwenye kichwa, maandishi «Dopp. Z.» yanaonyesha kiwashio cha namna mbili: kinawaka kwa saa iliyopangwa, ao kwa kugonga.

Karibu na kitako cha kombora lenyewe kuna mkanda wa shaba nyekundu. Sisi watu wa shaba tuutazame vizuri. Ukiwa laini, kombora halijapigwa. Ukiwa na mistari iliyokatwa, limekwisha kupita ndani ya mzinga. Likiwa na mistari hiyo na bado ni zima pamoja na kichwa chake, lilikataa kulipuka. Ni kama tundu la mine ambalo baruti yake haikuwaka. Nani kati yetu atapiga tundu hilo nyundo?

Miaka mingi haiipozi baruti. Makombora mengine yalijazwa asidi pikriki, unga wa manjano. Ukikaa na chuma ao risasi unazaa chumvi kali inayolipuka kwa kuguswa kidogo. Mwezi wa tatu 2014, kule Ypres, Ubelgiji, kombora la vita vile liliua wafanyakazi wawili mahali pa kujenga. Na tangu mwezi wa saba 1917 Wadachi walipiga makombora ya dawa inayobabua ngozi na macho. Dawa hiyo ingali inachoma.

Kombora salama ni lile ambalo fundi wa jeshi amelifungua, akalitoa kiwashio na baruti yote. Kutu si ushuhuda, wepesi vilevile.

Kwetu vita vya 1996 mpaka 2003 vimeacha mabomu mashambani, na wanunuzi wa vyuma hawaulizi. Mtoto akiona chuma cha namna hiyo, asiguse, asipige, asitupe motoni. Arudi kwa njia ile ile aliyojia, amwambie mkubwa, naye aite polisi ao askari.

Mtu akiumia, kaza kitambaa safi juu ya damu. Usichomoe kipande cha chuma kilichoingia mwilini. Ngozi yenye unga ao maji ya kombora, osha kwa maji mengi, vua nguo zake, mlete dispanseri upesi.