Ujenzi wa Hadithi: Kima, Papa na Punda wa Dobi

Mtu akusanyaye hadithi huandika maneno yake, nayo ni kazi njema. Lakini maneno peke yake hayaonyeshi jinsi hadithi ilivyojengwa. Twataka kueleza hapa njia itumiwayo na mafundi wa programu za kompyuta. Hao, kabla ya kuandika programu, huchora kila hali ya kitu kwa kisanduku, na kila tukio libadililo hali hiyo kwa mshale. Mwaka 1987 David Harel alitangaza namna ya mchoro ambayo ndani ya kisanduku kimoja huweza kuwamo vingine.

Na tujaribu kwa kisa cha punda wa dobi, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 katika hadithi alizokusanya Unguja. Hali ya kwanza: kima yu mtini, na papa ni rafiki yake. Ya pili: yu baharini, naye ameambiwa kwamba moyo wa kima watakiwa uwe dawa ya sultani. Ya tatu: amesema moyo ameuacha mtini, naye arudishwa. Ya nne: yu mtini tena, aitwa ashuke. Hapo hapana mshale wa kushuka, bali kima amsimulia papa habari za punda aliyemponyoka simba, kisha akalaghaiwa na sungura, akarudi, akauawa. Hiki ndicho kisanduku ndani ya kisanduku. Michoro miwili yafanana, ila kwa mshale mmoja: punda alirudi, kima hakurudi.

Sasa msomaji na aitazame Panchatantra ya Bara Hindi. Huko mamba yu mahali pa papa, na mbweha mahali pa sungura. Lakini kisa cha punda kimo vile vile ndani ya kisa cha kima. Wanyama walibadilika, ujenzi ukabaki.

Jambo hili lina uzito hata mbali na pwani, kama Litapunga, kata ya Halmashauri ya Nsimbo mkoani Katavi. Upande huo wa Mpanda wamo Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, tena Katumba wamo watu wa asili ya Burundi waliopokewa tangu miaka ya 1970. Hadithi moja yaweza kupita katika lugha kadha wa kadha. Mkusanyaji akikitenga kisa cha ndani, akakiandika peke yake, ameukata ushahidi wa safari yake. Basi na aulize: nani amsimulia nani, na kwa nini wakati huo? Wimbo na kicheko mchoro hauvichukui. Kwa hiyo maneno yaandikwe kwanza, ndipo mchoro ufuate.