Riwaya ya polisi mstaafu inagharimu nini?

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi Katanga tarehe 17 Januari 1961, kati ya saa 3:40 na saa 3:43 usiku, kwa hesabu ya tume ya bunge la Ubelgiji. Dakika 3. Kuwafuta kabisa kulichukua muda mrefu zaidi. Gerard Soete, kamishna Mbelgiji aliyekuwa akisaidia kuunda polisi ya Katanga, alifukua miili hiyo pamoja na msaidizi wake, wakaikata kwa msumeno na kuiyeyusha ndani ya asidi ya sulfuri.

Mwaka 1978 Soete, akiwa kwao Ubelgiji, alitoa riwaya iitwayo De Arena. Mle ndani aliisimulia kazi ile kwa vazi la hadithi ya kubuni. Ni miaka 17 baada ya tukio, na kitabu kiko kwa Kiholanzi, lugha ambayo mama wa Lubumbashi aliyekuwa na haki ya kujua asingeweza kuisoma. Ilipita miaka 21 mingine kabla mzee huyo hajasema wazi mbele ya kamera, mwaka 1999, kwamba aliyafanya hayo na kwamba alibaki na meno ya Lumumba. Alifariki mwaka 2000. Januari 2016 vyombo vya sheria vya Ubelgiji vilichukua jino kutoka kwa familia yake. Jino hilo 1 lilikabidhiwa kwa watoto wa Lumumba Brussels tarehe 20 Juni 2022, likazikwa Kinshasa siku 10 baadaye. Jumla: miaka 61.

Ukikaa Kipushi, kilomita kama 30 hivi kutoka Lubumbashi, hesabu hii inauma kwa namna yake. Mgodi wa hapa, uliokuwa wa kampuni ya Union Minière kisha Gécamines, ulitoa tani milioni 6.6 za zinki na tani milioni 4 za shaba kati ya 1924 na 1993. Zinki ilipimwa na kuandikwa vitabuni. Waziri mkuu wa nchi akabakiza jino.

Sasa tumchukue OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) mstaafu wa leo, papa aliyefunga dosie za mauaji maisha yake yote na sasa anataka kuandika. Tuseme riwaya yake ina maneno 40,000. Akiandika 500 kwa siku, ni siku 80. Ukurasa wa A5 ukibeba maneno 250, zinatoka kurasa 160, yaani karatasi 40 za A4 kwa kila nakala, kila karatasi ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa. Nakala 300 zinakula karatasi 12,000: rimu 24, kabla ya jalada na wino.

Tufanye uchapaji ni dola 3 kwa nakala, bei ya kuuzia dola 5, na muuzaji anabaki na asilimia 30. Papa anatoa dola 900 mfukoni. Kila nakala inamrudishia dola 3.50, kwa hiyo lazima auze 258 ndipo arudishe mtaji. Zikiisha zote 300, faida ni dola 150. Gawa kwa siku 80: haifiki dola 2 kwa siku. Badilisha bei utakavyo. Kwa nakala chache hivi, mwandishi hatatajirika. Joseph Wambaugh, askari wa Los Angeles aliyetoa The New Centurions mwaka 1971 na kuacha kazi mwaka 1974, alikuwa na soko la nchi nzima nyuma yake. Kipushi hakuna soko hilo.

Basi kama si pesa, faida iko wapi? Mimi naiona katika maelezo ambayo PV, ile ripoti rasmi ya polisi, haina nafasi nayo: nani alikuwa mlangoni, mwili ulilala upande gani, shahidi alinyamaza alipofika nani. Lakini hapo ndipo Soete anapotuonya. Majina ukiyabadilisha kumlinda shahidi, sawa. Ukiyabadilisha kujilinda wewe, umeficha ushahidi ukaulipia uchapaji.

Papa OPJ, kama kuna kitu cha dosie kilichobaki kabatini kwako, kipeleke parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka, kwanza. Riwaya ianze baada ya hapo, na uiandike kwa Kiswahili.