Upepo hupimwa kabla ya ghorofa kuinuka

KATIKA mtaa wa Mowlem, Eastlands jijini Nairobi, majumba ya kupangisha yamesongamana, mengine yakitenganishwa na kichochoro tu. Mwenye kiwanja anapoongeza orofa, hubadilisha pia mkondo wa upepo unaowafikia majirani.

Wahandisi wana njia ya kuyajua mabadiliko hayo kabla msingi haujachimbwa. Hutumia handaki la upepo, yaani chumba kirefu chenye feni kubwa. Mfano mdogo wa jengo, pamoja na mifano ya majumba jirani, huwekwa juu ya meza inayozungushwa ili upigwe na upepo kutoka kila upande. Vipimo vilivyounganishwa na matundu madogo kutani huonyesha mahali upepo unaposukuma na mahali unapovuta. Mvuto huo juu ya paa ndio hung'oa mabati.

Umuhimu wa kuwapima majirani ulidhihirika nchini Uingereza Novemba 1, 1965. Katika kituo cha umeme cha Ferrybridge, minara 3 kati ya 8 ya kupozea maji, yenye urefu wa zaidi ya mita 110, iliporomoka wakati wa dhoruba. Uchunguzi ulibaini kuwa jaribio lilikuwa limefanyiwa mnara uliosimama peke yake. Iliyoanguka ilikuwa safu ya nyuma, baada ya minara ya mbele kuuvuruga upepo na kuuzidishia nguvu.

Tangu hapo, majengo marefu hupimwa pamoja na mazingira yake. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828 na iliyofunguliwa mwaka 2010, ilifanyiwa majaribio zaidi ya 40, na umbo lake likarekebishwa kutokana na matokeo.

Je, jumba la orofa saba Mowlem lahitaji jaribio kama hilo? Kwa kawaida, la. Ni fupi na zito, na mhandisi aweza kutumia viwango vya upepo vilivyomo katika kanuni za ujenzi.

Hata hivyo, funzo la Ferrybridge lawahusu wakazi. Kichochoro chembamba chaweza kuongeza kasi ya upepo unaoelekea kwenye paa la jirani, au kuzuia hewa isifike vyumbani. Nafasi inayoachwa kati ya majumba, kama ramani iliyoidhinishwa inavyoagiza, si ardhi iliyopotea.